Picha Zetu Zikae Wapi?



Tangu muhula wa kwanza kuna mabishano katika kikundi cha informatiki, na sasa yametoka klasini yamefika mpaka uwanjani. Wengine wanasema picha za shule ziingizwe ndani ya hifadhidata pamoja na majina. Wengine wanasema hapana, picha zikae nje, ndani ya dosie, na hifadhidata ibaki na majina tu pamoja na njia ya kuifikia kila picha. Juma lililopita niliwakuta vijana wawili wa tatu ya humanite wakigombana juu ya neno hili karibu na pompi ya maji, utadhani wanagombania mpira. Mhariri wa gazeti letu akaniambia: "Mwalimu, andika wewe, juu ni wewe unashikaka mashine ya sekretariati." Basi naandika. Lakini msinitazame kama refa mwenye filimbi. Nina upande wangu, nanyi mtauona.

Kwa wale wasiosoma informatiki, nieleze kwanza. Dosie ndani ya ordinateri ni kama sanduku: unaweka picha ndani yake, moja moja, kila moja na jina lake. Hifadhidata, ile vijana wanaita bazi ya done, ni kama kitabu kikubwa chenye mistari na vyumba: chumba cha namba, chumba cha jina, chumba cha tarehe ya kuzaliwa, chumba cha klasi. Programu moja tu ndiyo inalinda kitabu hicho, na kila anayetaka kusoma au kuandika ni lazima apite kwake. Ugomvi wote ni huu: je, tuongeze chumba cha picha ndani ya kitabu, na picha yenyewe iingie humo? Au chumba kile kiandikwe tu "tazama dosie fulani, picha namba 112"?

Mtu anayepanda treni hapa Kabalo kwenda Kalemie, kilometa 273, anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Anaweza kushika mzigo wake mkononi, anakaa nao, analala nao, anachoka nao. Ao anaweza kuupeleka mzigo kwenye behewa la mizigo, anapewa tikiti yenye namba, na anasafiri mwepesi. Tikiti si mzigo. Kama mzigo umeshushwa Nyunzu kwa makosa, wewe utafika Kalemie na tikiti safi kabisa mfukoni, yenye namba inayosomeka vizuri, na hautakuwa na nguo ya kuvaa.

Shule yetu imekwisha kujaribu njia zote mbili zamani, kabla mashine haijafika. Mkifungua kabati ya sekretariati mtaona vitabu vya majina vya aina mbili. Vile vya zamani zaidi ni vitabu vikubwa, na picha ya kila mwanafunzi imebandikwa kwa gundi kando ya jina lake, na kashe ya shule imepigwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Vitabu hivyo vilinenepa mpaka havifungiki. Kimoja kinafungwa kwa kamba ya mpira wa tairi ya baisikeli. Kukihamisha ni kazi ya watu wawili, na mchwa walipokipata kimoja walikula picha na jina kwa pamoja, bila ubaguzi.

Baadaye waliosimamia sekretariati wakati ule walisema, hii haiwezekani, wakaanza mpango mwingine. Kitabu kikawa chembamba, majina na namba tu. Picha zikaingia ndani ya bahasha, kila bahasha na namba yake, na bahasha ndani ya sanduku la bati. Mpango mzuri! Kitabu kikawa chepesi, kinabebeka kwapani. Wakihitaji picha ya mwanafunzi kwa dosie ya mtihani wa taifa, wanachukua ile ya bahasha, hawangojei mzazi alete nyingine. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, polepole, bila mtu mmoja wa kulaumiwa. Picha zilitoka, nyingine hazikurudi. Nyingine zilirudi katika bahasha isiyo yao.

Katika mwaka 2019 alikuja mama mmoja kutoka upande wa Nyunzu. Mnakumbuka fujo zilizokuwa katika Tanganyika kuanzia mwaka 2013 mpaka 2017, vijiji vilivyochomwa, watu waliokimbilia Kalemie na kwingine. Nyumba ya mama huyu ilichomwa na vitu vyote. Mtoto wake wa kiume, aliyesoma hapa kwetu, alikufa katika miaka ile. Akasimama mlangoni, hakutaka hata kuketi. Akasema: "Mwalimu, banasema shule inashikaka foto za batoto. Miye sibaki na hata moja."

Tulitafuta kitabu cha mwaka wake. Ulikuwa mwaka wa bahasha. Jina lilikuwapo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwapo, sahihi ya baba yake ilikuwapo, namba ilikuwapo. Tukafungua sanduku, tukapata bahasha ya namba ile, na ndani yake palikuwa na picha ya msichana. Tulimwaga sanduku lote mezani. Mama alipitia picha zile moja moja mpaka saa nane, na hakumwona mtoto wake. Kiisha akaweka kidole juu ya jina kitabuni, akauliza: "Na hii karatasi, hamuwezi kunipa?" Prefe alimwandikia nakala kwa mkono wake, akapiga kashe. Alikwenda na ile.

Sielezi habari hii ili kuwatia huzuni. Nataka mjue kwamba swali la vijana wa informatiki si la michezo. Tikiti ilikuwapo, mzigo haukuwapo.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na fundi mmoja wa mji mkubwa, na jina lake halina kazi hapa. Yeye aliingiza picha zote ndani ya hifadhidata. Alitumia MySQL, programu ambayo watu wengi duniani wanaitumia, na ni nzuri. Lakini ndani yake kuna vyumba vya picha vya ukubwa mbalimbali, na yeye alichagua kile cha kawaida kinachoitwa BLOB. Chumba hicho kinaingiza baiti 65,535 na si moja zaidi, yaani karibu kilobaiti 64 (simu zenu zinaandika "Ko"). Picha ya kilobaiti 50 iliingia nzima. Picha ya kilobaiti 90 ilikatwa pale chumba kilipojaa. Mashine hazikupiga kelele, ziliandika onyo dogo mahali ambapo hakuna aliyetazama. Matokeo yake mliyaona wenyewe, ninyi mlio katika nne ya humanite leo: nywele, macho, pua, na chini yake rangi ya majivu. Mzazi mmoja alipiga simu kutoka Kongolo akiuliza: "Mtoto wangu juu ya nini hana kinywa?"

Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL kwa kawaida inakataa picha inayozidi chumba badala ya kuikata kimya, na hiyo ni afadhali. Tena kuna chumba kingine, MEDIUMBLOB, kinachofika megabaiti 16. Kwa hiyo kosa halikuwa la wazo lenyewe. Lakini watu walipoona nyuso nusu walisema: "Mnaona? Picha haifai kuingia katika hifadhidata." Msemo huo umekaa katika vichwa vya wengi mpaka leo.

Fundi wa pili alikuja na dini ya pili. Alitoa picha zote nje, akaziweka ndani ya dosie, na katika hifadhidata akaandika jina la kila faili. Kwenye ordinateri yake kila kitu kilitembea vizuri, kwa sababu ilikuwa na Windows, na Windows haijali herufi kubwa na ndogo: kwake Klasi4.JPG na klasi4.jpg ni kitu kimoja. Lakini mashine inayotoa tovuti huko mbali ilikuwa na Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili ya watu wawili. Siku ya kuhamisha, karibu nusu ya picha zilipotea. Zilikuwamo ndani ya dosie zote! Ni tikiti zilizoandikwa herufi tofauti na mizigo. Mahali pa picha palibaki kisanduku kitupu chenye alama ndogo ya kuvunjika.

Basi njia zote mbili zimekwisha kutuaibisha. Tuwaulize wale waliopima.

Katika mwaka 2006 watafiti watatu, Russell Sears, Catharine van Ingen na Jim Gray, walitoa maandiko juu ya swali hili hili. Hawakubishana karibu na pompi, walipima. Walichukua hifadhidata ya SQL Server upande mmoja na dosie za Windows upande wa pili, wakaweka vitu, wakafuta, wakaweka tena, mara nyingi, mpaka diski ikachakaa kama inavyochakaa katika kazi ya kweli. Waliona hivi: vitu vilivyo chini ya kilobaiti 256 vinakaa vizuri zaidi ndani ya hifadhidata. Vitu vinavyopita megabaiti moja vinakaa vizuri zaidi nje, ndani ya dosie. Katikati, inategemea ni mara ngapi unabadilisha. Sababu yake si ngumu. Kufungua faili moja kuna gharama yake, hata faili ikiwa ndogo kama mbegu ya ulezi. Hifadhidata imekwisha kufunguliwa, inakuchotea mara moja. Lakini kitu kikubwa kinaivunja hifadhidata vipande vipande, na kila ukifuta na kuandika tena vipande vinatawanyika.

Wale wa SQLite nao walipima. SQLite ni hifadhidata ndogo iliyoanzishwa na Mmarekani Richard Hipp katika mwaka 2000, na sasa hivi imo ndani ya simu zote mnazoficha chini ya meza. Hifadhidata nzima ni faili moja. Walichukua picha ndogondogo za kilobaiti 10 hivi, wakaona kwamba kuzisoma kutoka hifadhidata kunaweza kuwa haraka kwa asilimia 35 kuliko kuzisoma kila moja katika faili yake, na nafasi ya diski inapungua kwa karibu asilimia 20.

Kwa upande wa pili, tazameni Wikipedia, ambayo ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003. Picha zake ni mamilioni na nyingine ni kubwa sana. Haziko ndani ya hifadhidata. Hifadhidata yao inashika jina la picha, ukubwa wake, aliyeileta, na pia kile ninachokiita alama ya kidole ya picha: programu inasoma baiti zote na kutoa namba ndefu, na baiti moja ikibadilika namba yote inabadilika. Picha zenyewe ziko nje, zimegawanywa katika dosie nyingi ili dosie moja isijae kupita kiasi.

Hapo kijana wa tatu ya humanite aliruka kutoka kitini: "Mwalimu, si umesema mwenyewe? Wakubwa wanaweka nje. Njo vile!" Nikamwuliza, wakubwa wale wana watu wangapi wanaolinda usiku na mchana? Wana nakala ngapi, katika miji mingapi? Sisi tuna paneli za jua nne, betri mbili, moja yake imezeeka, na flashi tatu. Sipingani na wakubwa. Nasema tu kwamba wao hawaishi katika sekretariati yetu.

Maana sisi hapa tuna adui ambao vitabu vingi vya informatiki havielezi sana. Adui wa kwanza ni umeme kukatika katikati ya kazi. Unaandikisha mwanafunzi, unabonyeza, na mawingu yanapita. Kama picha iko ndani ya hifadhidata, jina na uso vinaingia pamoja au haviingii kabisa. Hifadhidata nzuri ina sheria hiyo, ni yote au hakuna. Kama picha iko nje, kuna kazi mbili: kuandika faili, na kuandika mstari kitabuni. Umeme unaweza kukatika katikati yake. Ukiwa umeandika mstari kwanza, utabaki na tikiti bila mzigo. Kwa hiyo, ninyi mtakaofanya kazi hii, andikeni faili kwanza, mstari baadaye. Mkikatwa hapo mtabaki na mzigo bila tikiti, picha yatima ndani ya dosie, nayo inaweza kutafutwa na kupatikana. Picha isiyokuwapo haitafutwi.

Adui wa pili ni safari. Nakala yetu inakwenda Kalemie ndani ya flashi, mfukoni mwa mtu. Wakati mwingine ni mwalimu, wakati mwingine mzazi, wakati mwingine mtu ambaye hajui alichobeba. Akipewa faili moja atabeba faili moja. Akiambiwa "kopi hifadhidata, kiisha kopi na dosie ya picha", atakopi ya kwanza, na ya pili itakuwa ndefu, picha mia na mia, atachoka, ataichomoa flashi. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Hapa ndipo ninaposema, bila haya, kwamba kwa shule kama yetu uso wa mwanafunzi ulale kitanda kimoja na jina lake.

Lakini ngojeni, msipige makofi bado, ninyi wa upande huo. Tuhesabu pamoja. Tuseme wanafunzi ni 600, na picha ya kadi ya kila mmoja ni kilobaiti 40. Hizo ni megabaiti 24. Ni ndogo, zinaingia bila taabu, ziko chini kabisa ya zile kilobaiti 256 za watafiti. Sasa tuseme mnataka kuingiza na picha zote za sherehe, za mpira, za kwaya, za kugawa diploma, kama simu inavyozipiga, kila moja megabaiti 3. Picha 1,400 zinafika megabaiti 4,200. Mkitoa nakala ya MySQL kwa maandishi, kila baiti ya picha inaweza kuandikwa kwa herufi mbili, na nakala inakuwa karibu mara mbili. Halafu mnachukua flashi. Flashi nyingi zimetengenezwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haukubali faili moja inayofika gigabaiti 4. Flashi inaweza kuwa na nafasi ya 32, bado itakataa! Mtu atasimama pale anashangaa: nafasi iko, na mzigo hauingii. Dosie yenye picha 1,400 ingeingia polepole, lakini ingeingia. Tena kama ingekatwa katikati, zile zilizokwisha kuingia zingekuwa nzima. Faili moja kubwa ikikatwa, inaweza kuharibika yote.

Na kuna jambo la simu za wazazi. Picha iliyo ndani ya dosie inatolewa na mashine moja kwa moja, na simu ya mzazi huko Kalemie inaishika, haiombi tena kesho. Mzazi halipi megabaiti mara mbili. Picha iliyo ndani ya hifadhidata inapita mkononi mwa programu, na kama aliyeandika programu hakuifundisha kumwambia mgeni "shika hii, haijabadilika", simu itaiomba kila mara. Inaweza kufundishwa. Wengi hawaifundishi.

Kijana mmoja wa pili ya humanite, kimya siku zote, alisimama akasema kwamba babu zetu Waluba walikwisha kuyajua mambo haya, na akataja lukasa. Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Lukasa ni ubao wa mti wa kushikwa mkononi, wenye shanga na mistari iliyochongwa, na watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kidole: ushanga huu ni mfalme fulani, huu ni safari yake, hapa ni mahali patakatifu. Historia haikuwa ndani ya ushanga. Ushanga ulionyesha njia, na historia ilikuwa ndani ya kichwa cha yule aliyefundishwa. Lukasa moja inayojulikana sana iko leo katika makumbusho ya Brooklyn, New York. Ubao haukupotea. Lakini wale walioweza kuusoma wote hawakuvuka bahari pamoja nao, na hakuna anayeweza kuziambia zile shanga ziseme kila kitu kilichokuwa nyuma yake. Kijana yule alipata kuona upesi kuliko sisi: kama vitu viwili vinategemeana, kimoja kikisafiri peke yake kinakuwa bubu.

Na kinyume chake kipo vilevile. Picha nyingi zilizopigwa nchini kwetu wakati wa Wabelgiji zimehifadhiwa vizuri, uso unaonekana mpaka chale za shavuni, na chini yake pameandikwa tu "mwanamke Muluba". Mzigo upo, tikiti ilitupwa na aliyepiga picha, au hakuikata hata siku moja.

Niseme na neno juu ya macho ya watu, kwa sababu wasichana wa kikundi ndio walioliuliza na wavulana hawakulifikiri. Dosie iliyo wazi kwenye tovuti, picha zikiwa na majina 112.jpg, 113.jpg, 114.jpg, ni mlango usio na komeo. Mtu yeyote akiona 112 atajaribu 113, na kwa dakika kumi atakuwa na nyuso za watoto wa shule nzima. Sisi tulioishi miaka ile tunajua kwamba orodha ya majina na nyuso si kitu cha kuacha uwanjani. Ndani ya hifadhidata, programu inauliza kwanza: wewe ni nani? Kweli, dosie nayo inaweza kuwekwa nyuma, mahali pasipofunguliwa na wageni, na programu ikachota humo kwa ruhusa. Lakini ni lazima mtu akumbuke kufanya hivyo, na fundi wetu wa pili hakukumbuka.

Basi haya ndiyo tuliyokubaliana na prefe, na ndiyo yanayofanyika tangu mwezi uliopita. Picha ya kadi ya kila mwanafunzi, ikiisha kupunguzwa, inaingia ndani ya hifadhidata, chumba cha MEDIUMBLOB, kando ya jina. Picha kubwa za sherehe zinakaa nje, katika dosie ya kila mwaka, majina yote kwa herufi ndogo, hakuna nafasi wala alama za ajabu, na jina likikwisha kutumika halitumiki tena kwa picha nyingine. Kitabuni tunaandika njia yake na alama yake ya kidole, ile ya herufi na tarakimu 64. Kila Ijumaa programu fupi inapitia mistari yote na kuuliza: faili yako iko? Alama ni ile ile? Kiisha inapitia dosie na kuuliza kila faili: mstari wako uko wapi? Mara ya kwanza ilipita kwa dakika sita na kutoa orodha ya kurasa mbili. Direkta wa nidhamu alisema haijawahi kutokea mwanafunzi akawajibika upesi hivyo.

Kuna wasiofurahi. Yule kijana wa tatu ya humanite bado anasema tumechanganya dini mbili, na kwamba fundi atakayekuja baada yetu atapotea. Kwa hiyo nimemwagiza aandike karatasi moja ya kueleza mpango wote, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati na nakala yake ikae mwanzoni mwa kila flashi. Amekwisha kuandika nusu, na anaandika vizuri kuliko anavyobishana.

Inabaki sanduku la bati. Tumepiga picha upya zile zote za bahasha ambazo tuna hakika nazo, zimekwisha kuingia. Lakini ziko 61 ambazo hatujui ni za nani. Jumamosi hii, kuanzia saa mbili asubuhi, zitapangwa juu ya meza ndefu ya sekretariati. Wenye kaka, dada, wajomba au wazazi waliosoma hapa, njoni mtazame, au leteni nyumbani kwenu habari hii ili wakubwa waje. Ukimjua mtu, usiandike nyuma ya picha kwa biki, wino unapita mpaka upande wa uso. Andika kwa kalamu ya risasi katika karatasi ndogo zilizo pale mezani: jina, kijiji, mwaka kama unaukumbuka. Na kama unafikiri ni yeye lakini huna hakika, andika hivyo hivyo, "sina hakika". Hicho nacho kina chumba chake.